Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wahudumu wa afya na kazi zao visiwani na bara ya Lamu

Maswali haya nimeulizwa barazani, kwenye boti ya Faza, kwenye foleni ya kupima watoto uzito na, mara nyingi zaidi, kwa simu usiku wa manane. Mimi ni nesi. Nilianza Amu, yaani mji wa Lamu, nikahamishiwa kisiwa cha Pate, na siku hizi niko bara. Nayajibu hapa kwa pamoja ili koo langu lipumzike. Kuhusu ugonjwa wako wewe mwenyewe, nenda kaonane na mtu. Maandishi hayapimi presha.

Amu kuna hospitali ya kaunti. Kwa nini husemwa kwamba watu wa Lamu hawafikiwi na huduma?

Hospitali ya King Fahd ipo, hakuna anayebisha. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti hii, na wengi wao hawakai Amu. Wako Mpeketoni, Witu na Hindi. Wako Faza, Siyu, Tchundwa na Kizingitini, Ndau na Kiwayu, Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, na wengine ndani ya msitu wa Boni.

Huku kilomita hazikwambii kitu. Pate mjini boti hufika maji yakijaa tu. Yakikupwa unashukia Mtangawanda na safari unaimalizia nchi kavu, na mgonjwa wako mgongoni kwa punda au bodaboda ikipatikana. Kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, ikichachamaa, boti ndogo ya Kiwayu haitoki kila siku. Hata anayeletwa kwa ambulensi kutoka Mpeketoni hufika nayo jeti ya Mokowe tu, gati la upande wa bara. Hapo huvushwa kwa boti, kisha machela, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Na rufaa ikiwa ni ya Mombasa, kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara mbele yake.

Kwa hiyo nikiulizwa kinachopungua Lamu, sianzi na idadi ya madaktari. Naanza na yanayotokea kati ya mlango wa mgonjwa na mlango wa hospitali. Sehemu kubwa ya kazi yetu iko humo, na ndiyo sehemu ambayo chuoni hatukufundishwa.

Kila aliyevaa koti jeupe tunamwita daktari. Tofauti ni ipi?

Daktari wa shahada husoma miaka sita, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Afisa tabibu husoma diploma ya miaka mitatu, naye pia ana mwaka wake wa mafunzo kazini. Anapima, anaandika dawa, na ndiye utakayemkuta kwenye vituo vingi vya afya. Nesi huko Ulaya labda humsaidia daktari. Visiwani nesi ndiye zahanati. Anazalisha, anachanja, anatoa dawa, anaandika ripoti ya mwisho wa mwezi, na kama mfagizi hakuja, anafagia.

Wapo na wasioonekana. Mtu wa maabara, bila yeye sisi sote tunabahatisha. Mfamasia. Mtaalamu wa lishe. Na bwana afya, ambaye watu humkumbuka siku ya kukaguliwa hoteli tu, ilhali kazi yake kubwa huku ni maji: kuangalia jabia, lile tangi la maji ya mvua, kama limezibwa, kisima kiko umbali gani na choo, na mbu wanazaliana wapi. Kuhara kwa watoto kijiji kizima hakuishi kwa dripu. Huisha jabia likisafishwa.

Mhudumu wa afya ya jamii anayepita na begi nyumba kwa nyumba, anaruhusiwa kufanya nini?

Hawa ni wanakijiji wenzako, waliochaguliwa barazani, na hupangiwa takriban nyumba 100 kila mmoja. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu 100,000 nchi nzima vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Begi lina kipimo cha presha, cha sukari, cha joto, mizani, na utepe wa kupima mkono wa mtoto.

Ule utepe ni kitu kidogo chenye maana kubwa. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali na hapaswi kulala nyumbani bila kuonwa. Kati ya 11.5 na 12.5, aanzishiwe lishe na afuatiliwe. Mama mwenyewe anaona rangi za utepe, haihitaji kisomo.

Hapigi sindano wala haandiki dawa za hospitali. Thamani yake ni kujua nyumba gani ina mimba changa, mzee gani ameacha dawa za presha, na mtoto gani hajamaliza chanjo. Mimi nikiwa zahanati siwezi kujua hayo hata nikiwa na shahada tatu. Ndiyo maana posho yake ikichelewa naona tumekata mguu tunaotembelea.

Nina mimba na nakaa Siyu, kisiwani Pate. Nikajifungulie wapi?

Swali hili lijibiwe mapema, mimba ikiwa changa, na lijibiwe na watu watatu: wewe, nesi wako, na anayelipa boti.

Anza kliniki kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito aonwe angalau mara nane. Wengi huku huja mara ya kwanza tumbo likiwa limeshajitangaza lenyewe. Nawaelewa: wanaogopa husuda, na wanaogopa safari. Lakini damu pungufu ikijulikana mwezi wa tatu ina dawa, ikijulikana siku ya kuzaa ina kilio.

Kama ni mimba ya kwanza, ya mapacha, kama ulishapasuliwa, kama uzazi uliopita ulivuja damu nyingi, au presha imeanza kupanda, ushauri wangu ni mmoja. Wiki mbili kabla ya tarehe yako hamia kwa jamaa Amu au popote penye chumba cha upasuaji. Hakuna nyumba ya Pate isiyo na shangazi Amu. Asiye na matatizo hayo azalie kituo cha karibu chenye nesi, si lazima avuke maji.

Wataalamu wa uzazi huhesabu kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwetu kule kwa katikati watu hudhani ni kazi ya nahodha peke yake. Nami nilidhani hivyo. Usiku mmoja wa kusi, saa nane, nilimwandikia mama rufaa vizuri sana, karatasi safi, muhuri mahali pake. Tukamshusha ufukweni kwa machela. Nahodha akaniuliza swali moja: "Nesi, maji yanajaa saa ngapi?" Sikujua. Boti ilikuwa imekaa juu ya mchanga, na tukakaa nayo mpaka alfajiri. Mama alipona na mtoto yu hai, alhamdulillahi, lakini tangu usiku ule jedwali la maji limebandikwa ukutani kando ya jedwali la chanjo, na kila nesi mpya ninayempokea nampa yote mawili. Siku za bamvu, maji yanapokupwa sana, natoa rufaa mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kuna mambo mawili nesi anaweza kuyafanya hata kama boti haijafika, na mama ana haki ya kuyatarajia. La kwanza ni la presha ya mimba. Sindano ya magnesiamu, kwa mujibu wa utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotoka 2002, hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa cha uzazi. Dozi ya mwanzo hutolewa kabla ya safari, haingojwi mpaka Amu. La pili ni damu baada ya kuzaa. Kwa miaka tumeikadiria kwa macho, na macho hudanganya. Utafiti uliochapishwa 2023, ambao Kenya ilishiriki pamoja na Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia kitambaa cha plastiki chenye alama kinachokusanya na kupima damu, na tiba zote zikatolewa kwa mkupuo bila kungoja moja ishindwe. Kutokwa na damu kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vinavyotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Mambo haya mawili hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji nesi aliyefundishwa na kabati lenye dawa.

Nikihitaji upasuaji, ni lazima mume wangu atie sahihi?

La. Chini ya Sheria ya Afya ya 2017 idhini ni ya mgonjwa mwenyewe, akiwa mtu mzima na akili yake iko sawa. Mume ashirikishwe, ndiyo adabu, na mara nyingi ndiye mwenye kusaka boti. Lakini asipopatikana, yuko baharini amekwenda kuvua, hakuna ruhusa ya kumwacha mwanamke avuje damu huku simu inaita haipokelewi. Mhudumu anayeng'ang'ania sahihi ya mume wakati mama anaweza kusema mwenyewe anakosea.

Naona haya kuhudumiwa na mwanamume. Naweza kuomba nesi mwanamke?

Omba, wala usione vibaya. Akiwapo atakuja. Asipokuwapo, una haki ya mwanamke mwingine kukaa nawe chumbani: mama yako, wifi, au mhudumu wa jamii. Wenzangu wanaume wazuri huligundua jambo hili kabla hujasema, hubisha hodi, hufunga pazia, hueleza watakachogusa na kwa nini. Wale wasiofanya hivyo ndio wanaowarudisha wake zetu kuzalia nyumbani, halafu ripoti ikasema "jamii haina mwamko".

Wakunga wa jadi wamekatazwa?

Wameombwa wabadilishe kazi: wamsindikize mama kituoni badala ya kumzalisha nyumbani. Kuwafukuza ilikuwa makosa ya watu waliokuja na boti ya asubuhi na kuondoka na ya jioni. Bi mkubwa aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ana sauti kuliko mabango yetu yote. Mkae chumba kimoja. Yeye ashike mkono, amkande mgongo, asome dua. Nesi ashike kamba ya kitovu.

Sijalipa SHA. Nitafukuzwa?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni bure, kwa kubonyeza *147# au kwa mhudumu wa jamii. Ukishajisajili, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya serikali, hata kama hujatoa mchango. Mchango unatakiwa kwa huduma za hospitali: asilimia 2.75 ya kipato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Wasio na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Kwa mvuvi, ambaye kipato chake hupanda na kushuka na upepo, utaratibu huo ni mzito, na sitajifanya kusema vingine.

Dharura ni jambo jingine. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeongeza meno: kituo chenye uwezo kikikataa kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 3,000,000. Kwanza mtu atibiwe, pesa zitaulizwa baadaye.

Kwa nini nesi alinirudisha na mtoto, akaniambia nije siku ya chanjo?

Chupa ya chanjo ya surua ina dozi kumi, na ikishafunguliwa hutumika ndani ya saa sita, kisha hutupwa. Chanjo zote huishi kwenye nyuzi 2 hadi 8, mara nyingi kwenye friji ya jua, na nesi huogopa kumwaga tisa kwa ajili ya mmoja.

Hiyo ndiyo sababu. Kama ni sababu nzuri, ni jambo jingine. Kwa mtoto wa jirani, sawa, aje Jumatano. Kwa mtoto aliyetoka Ndau, mama yake amelipa nauli na amefunga kazi za siku nzima, mimi nafungua chupa, na Shirika la Afya Duniani linaniunga mkono. Dozi tisa zitaagizwa nyingine. Mtoto aliyerudishwa pengine nitamwona tena akiwa na surua.

Madaktari wanaokuja kwa kambi ya siku moja wanasaidia?

Inategemea wanarudi au hawarudi. Nilishuhudia kambi moja, siitaji ya nani, ambapo bibi wa miaka sabini na zaidi alipimwa presha, akaambiwa ni ya juu sana, akapewa vidonge vya wiki mbili na kofia. Picha zikapigwa. Jina lake halikuandikwa kwenye daftari letu. Vidonge vilipokwisha alidhani amepona. Kiharusi kilimkuta anasuka mkeka.

Presha na sukari si jipu, ukalitumbua ukaenda zako. Kambi nzuri huja na orodha kutoka kwa mhudumu wa jamii, hufanya kazi na nesi wa hapo, hutumia dawa ambazo zahanati inaweza kuendelea kuziagiza, na huacha majina. Kwa hilo la kurudi, nawasifu watu wa shirika la Safari Doctors, walioanzishwa na Umra Omar 2015, kwa sababu wamejenga kazi yao juu ya safari za mara kwa mara kwa bahari kwenda vijiji vilevile. Daktari bingwa wa macho akija kutoa mtoto wa jicho, hiyo kambi ya siku moja naipokea kwa mikono miwili. Kazi inakwisha palepale.

Nina sukari na sitaki kuacha funga. Nifanyeje?

Uje Rajabu, si usiku wa kuamkia Ramadhani. Inatakiwa wiki sita hadi nane kabla ili tuangalie dawa zako. Insulini na baadhi ya vidonge, kama glibenklamidi, zinaweza kushusha sukari mno mchana, kwa hiyo dozi na saa zake hupangwa upya, kubwa ihamie kwenye futari. Usijipangie mwenyewe. Pima mchana, wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kidoleni halifunguzi. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 au kupita 16.6 (mmol/L), fungua saa hiyohiyo. Daku usiiache. Na futari ianze kwa tende moja, siyo kwa kaimati sahani nzima.

Wapo wagonjwa ambao nawaambia waziwazi wasifunge: mwenye figo mbovu, aliyelazwa karibuni kwa sukari, mjamzito anayechoma insulini. Najua neno langu pekee halitoshi. Huwa nakwenda kwa imamu kabla, naye hulisema msikitini kwa dalili zake. Imamu mmoja aliniambia, "Wewe leta vipimo, aya ninazo mimi." Tangu hapo tunafanya kazi pamoja.

Watu wa Boni wanatibiwa wapi?

Kwa taabu. Baada ya mashambulizi ya 2014 na operesheni ya kijeshi iliyoanza msituni Septemba 2015, zahanati kadhaa za upande wa Basuba zilifungwa, na wahudumu wengi hawakutaka kupangiwa huko. Siwalaumu walioogopa. Lakini Waaweer, ndio hao Waboni, nao hawakuchagua kuzaliwa hapo. Kliniki ya kuhamahama husaidia, na inasaidia zaidi ikifika siku iliyotajwa. Ikikosa mara mbili watu hawatoki tena.

Dawa ya kudumu ni kuwafundisha vijana wao wenyewe, wanaojua lugha na njia za msitu. Hata kuumwa na nyoka, tukio la kawaida huko, hutegemea mtu wa kwanza kufika: mgonjwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, asichanjwe kwa wembe wala kufungwa kamba ya kukaza, na simu ipigwe kwanza kuuliza kituo gani kina dawa ya sumu. Si kila kituo kinayo.

Kijana wangu anatumia unga. Akienda hospitali watampa polisi?

Kazi ya nesi ni kutibu, na siri ya mgonjwa ni siri. Mteja huja na jipu la sindano au kifua kikuu, na akitazamwa kama mwizi harudi. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, tangu 2015. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo mtu wa Lamu anayepelekwa huko lazima apangiwe pa kukaa. Ongea na nesi kwanza, peke yako ukitaka.

Dawa zikiisha zahanati, zimekwenda wapi?

Mara nyingi hazikufika. Kaunti huagiza kwa vipindi kutoka KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na deni au usafiri ukikwama, rafu hubaki tupu. Mara nyingine, nakiri, zimekwenda kusikotakiwa. Kila zahanati ina kamati yenye wanakijiji ndani, na tangu sheria ya 2023 ya fedha za vituo, pesa zinazopatikana kituoni hubaki kituoni. Nenda kwenye kikao, uombe kuonyeshwa daftari la dawa. Nesi asiye na la kuficha atakushukuru.

Binti yangu amemaliza kidato cha nne. Anawezaje kuwa nesi?

Diploma ya uuguzi inataka wastani wa C, na masomo kama baiolojia yahesabiwe vyema. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kina kampasi hapa Lamu. Msaidieni nauli na muda wa kusoma, msimharakishie harusi. Mtoto wa Kizingitini akirudi nesi Kizingitini hukaa. Sisi wa kuletwa huanza kuandika barua ya uhamisho mwezi wa tatu.

Nesi alinitukana wakati wa uchungu. Nipeleke wapi malalamiko?

Kwa msimamizi wa kituo, kisha kamati, kisha idara ya afya ya kaunti. Kosa la kitaaluma hupelekwa kwenye baraza la fani yake. Wauguzi wana lao, maafisa tabibu lao, madaktari lao. Andika tarehe na saa. Uchovu wa nesi aliyekesha peke yake ni kweli, lakini haumpi ruhusa ya kutukana.

Kusi inakaribia. Tuweke namba gani za simu nyumbani?

Ya mhudumu wenu wa jamii. Ya zahanati. Ya manahodha wawili, kwa sababu mmoja atakuwa amelala Amu. Ya mwenye bodaboda au punda wa kufika ufukweni. Ya yule jamaa wa Amu atakayepokea mgonjwa jeti. Ziandikeni ukutani kwa kalamu nene, maana simu huzimika chaji usiku uleule unaoihitaji, na mwulizeni nesi awaandikie pembeni saa za maji ya mwezi huo.